Suruali ya Magotini ya Karne ya 18: Jinsi ya Kuikata na Kuishona kwa Ajili ya Jukwaa

Suruali hii inaishia chini kidogo ya pia ya goti, na hapo inafungwa kwa mkanda wenye kifungo au bizimu. Juu nayo imefungwa kiunoni kwa mkanda mpana usio na mshipi. Kwa hiyo ni nguo iliyoshikwa ncha zote mbili, na humo ndimo mafundi wengi wanamokwama. Suruali ya kawaida, mvaaji akikaa, pindo la chini hupanda likaachia nafasi. Hii haiwezi kupanda, maana imefungwa chini ya goti. Mvaaji akikaa au akipiga goti, kitambaa cha ziada lazima kitoke mahali, na mahali pake ni nyuma, kwenye makalio. Ndiyo maana suruali za wakati ule zilikuwa pwaya nyuma kama mfuko huku mbele zimemkaa mtu sawasawa. Fundi aliyezoea suruali za ofisini akiuona mfuko huo hudhani amekosea, anaupunguza. Siku ya onyesho mwigizaji anainama kumsalimu mfalme, na mshono unaachia kabla salamu haijaisha.

Mfuko huo usiuguse. Koti na kizibao vitaufunika.

Ni ya lini hasa

Kabla ya kununua kitambaa, uliza mchezo unahusu mwaka gani. Kwenye majukwaa yetu kila mzungu wa zamani huvishwa suruali ya magotini, awe Mreno wa mwanzo wa karne ya 16 au Mjerumani wa miaka ya 1880. Kwa wote wawili, si vazi lao. Mreno aliyefika Kilwa enzi za Vasco da Gama alivaa nguo za umbo jingine kabisa, na Mjerumani wa Bagamoyo alivaa suruali ndefu kama ya leo. Umbo tunaloeleza hapa ni la miaka ya 1700, na linamfaa mtu kama Morice, yule mfanyabiashara Mfaransa aliyewekeana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Linamfaa pia Olaudah Equiano, Mwafrika aliyepita utumwani na kuchapisha habari za maisha yake London mwaka 1789, au Ignatius Sancho, mwandishi Mwafrika aliyeishi London, ambaye mchoraji Mwingereza Gainsborough alimchora mwaka 1768 akiwa amevaa kiungwana.

Ndani ya karne hiyo yenyewe kuna tofauti. Miaka ya mwanzo suruali ilifungwa mbele kwa safu ya vifungo katikati, na kwa kuwa kizibao kilifika karibu na magoti, hakuna aliyeviona. Kadiri vizibao vilivyofupishwa, sehemu ya mbele ikaanza kuonekana, na ndipo ukaenea mtindo wa kipande kinachoteremka mbele na kufungwa juu kwenye mkanda wa kiuno. Hapa tutakiita pazia. Soksi nazo zilibadilika: mwanzoni zilivutwa juu ya goti zikakunjwa juu ya suruali, baadaye zikaingizwa chini ya mkanda wa goti. Maelezo yanayofuata ni ya suruali yenye pazia, ya kama 1760 hadi 1790. Ndiyo inayotakiwa mara nyingi, na ukiiweza hiyo, ile ya vifungo vya katikati ni kazi ndogo.

Kitambaa

Ulaya walivaa sufu, kitani, hariri, mahameli, ngozi, na pamba pia. Dar es Salaam hakuna haja ya kumchemsha mwigizaji kwa sufu nzito chini ya taa. Mabaharia na wafanyabiashara wa nchi za joto walivaa kitani na pamba, na pamba ya rangi ya manjano iliyofifia kutoka Uchina, iliyopewa jina kutokana na mji wa Nanjing, ilisifika sana kwa suruali hizi. Kwa hiyo kaki ya pamba ya rangi ya mchanga ni chaguo zuri. Fundi mwenye jicho kali atasema ile ya Nanjing ilifumwa bapa na kaki ina mistari ya mshazari. Kweli kabisa, lakini mtu aliyekaa safu ya tatu haioni.

Kwa tajiri, tafuta kitani au pamba nzito ya rangi moja: nyeusi, buluu iliyoiva, kahawia, kijani cha chupa. Satini ya polista inayouzwa kwa ajili ya magauni ya harusi iache. Inang'aa kama karatasi ya pipi, haishiki pasi, na haikubali kukusanywa marinda vizuri. Ukiwa Kariakoo na muuzaji anaapa kwamba ni pamba tupu, omba uzi mmoja mmoja wa urefu na wa upana, uuchome kwa kiberiti nje ya duka. Pamba na kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Mchanganyiko wenye polista kidogo si mbaya kwa suruali, huvumilia jasho na kufuliwa.

Kwa mtu mwenye nyonga ya sm 100, kitambaa chenye upana wa sm 150 kinahitajika mita 1.5. Cha upana wa sm 115, chukua mita 1.8. Ongeza marekani mita 2.5: sehemu itakuwa sampuli, inayobaki itakuwa bitana ya mkanda na mifuko. Vyote viloweke usiku kucha, uanike, upige pasi kabla ya kukata. Marekani hasa ina wanga mwingi na hurudi sana. Ukiishona bila kuiosha, mkanda wa kiuno utajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza, maana bitana imefupika na uso wa nje haukufupika.

Vipimo

Mpime mwigizaji akiwa amevaa shati la mchezo, kwa sababu mashati ya zama hizo yalikuwa marefu na yalichomekwa yote. Pima kiuno usawa wa kitovu, si pale vijana wanapovalia suruali siku hizi. Pima nyonga penye unene zaidi. Pima goti likiwa limekunjwa, kisha pima mguu chini ya pia ya goti, pale pembamba kabla shavu la mguu halijaanza. Pima ubavu kutoka kiunoni hadi hapo pembamba. Mkalishe kwenye kiti kigumu, upime ubavu kutoka kiunoni hadi kwenye kiti: hicho ni kimo cha kikao. Mwisho pitisha futi kutoka kiuno cha mbele, katikati ya miguu, hadi kiuno cha nyuma. Kipimo hiki cha mwisho kiandike kwa wino mwekundu, utakirudia.

Mfano wetu una kiuno sm 84, nyonga sm 100, chini ya goti sm 35, ubavu sm 62, kikao sm 27.

Kuchora

Mkanda wa kiuno una upana wa sm 7 mbele na wa goti sm 3, hivyo toa 10 kwenye ubavu: 62 inabaki 52. Ongeza 2 za kupumua, upate 54. Huo ndio urefu wa kipande cha mguu kwa upande wa nje. Mstari wa kikao uchore sm 22 kutoka juu (27, ongeza 2, toa 7 za mkanda).

Kipande cha mbele: kwenye mstari wa kikao, upana ni robo ya nyonga na 1, yaani 26, kisha ongeza ulimi wa sm 5 unaochomoza kuelekea katikati ya miguu. Juu, upana ni 23. Katikati ya mbele iwe wima. Sasa sikiliza vizuri: kuanzia katikati ya mbele hadi sm 10 kwenda ubavuni, sehemu hiyo ndiyo itakuwa pazia, na lazima ipande sm 3 juu kuliko sehemu nyingine ya kipande. Pazia linafungwa juu ya mkanda wa kiuno, halishonwi nao. Ukikata juu yote usawa mmoja, pazia halitafika kwenye vifungo, na hakuna namna nzuri ya kulirefusha.

Kipande cha nyuma: kwenye mstari wa kikao, robo ya nyonga na 4, yaani 29, na ulimi wa sm 12. Mstari wa katikati ya nyuma uegemee sm 2 kuelekea ubavuni unapopanda, na upande hadi sm 9 juu ya usawa wa ubavu. Kwa hiyo ukingo wa juu unashuka kwa mteremko kutoka katikati ya nyuma hadi ubavuni, na upana wake ni kama sm 27. Mkanda utakaoupokea kwa nusu ya nyuma ni sm 18 tu, hivyo sm 9 kila upande zitakusanywa marinda.

Chini ya goti, mbele iwe 18 na nyuma 20, jumla 38, itakayobanwa kidogo iingie kwenye mkanda wa 36. Usawa wa goti lenyewe, jumla ya mbele na nyuma izidi kipimo cha goti lililokunjwa kwa sm 2 angalau.

Ukimaliza, pima kwa futi mikunjo yote miwili ya katikati, wa mbele na wa nyuma, ongeza upana wa mkanda mbele na nyuma, ulinganishe na kile kipimo cha wino mwekundu. Mchoro uzidi kwa sm 6 hadi 8. Ukizidi kwa 2 tu, ongeza kimo cha nyuma, usiongeze cha mbele. Ziada ya mbele itatuna kama tumbo chini ya pazia, na watazamaji watacheka pasipostahili.

Hapa hatujaweka nafasi ya mshono. Ongeza sm 1.5 kila ukingo, na katikati ya nyuma sm 3, kwa sababu waigizaji hubadilishwa na nguo hubaki ile ile.

Shona sampuli ya marekani kwa bandi ndefu. Mfunge mwigizaji mkanda chini ya goti kwa kipande cha kitambaa, umwambie akae, achuchumae, apande ngazi mbili mbili, apige goti moja. Ikivuta gotini, kimo cha nyuma hakitoshi. Ikivuta pajani kwa mistari inayoanzia katikati ya miguu, ulimi wa nyuma ni mfupi, uongeze sm 1 hadi 2. Akisimama wima na nyuma ikalegea kama gunia, sawa, hapo umepata.

Pazia na mabawa yake

Fungua kazi na pazia kabla hujaunganisha mguu wowote, kwani kipande kikiwa bapa mezani ni rahisi.

Katika kila kipande cha mbele, chora mstari wa wima sm 10 kutoka katikati ya mbele, ushuke sm 18 kutoka ukingo wa mkanda. Huo ni mpasuo. Usikate bado. Kwa ndani, penye mwisho wa mpasuo, bandika kiraka cha marekani cha sm 4 kwa 4 na ukishone kuzunguka. Sasa kata. Mwisho wa mpasuo ndipo pazia linapochanika, kwa sababu kila mara mtu akivua anavuta kuelekea chini na nguvu yote inaishia hapo. Bila kiraka, usitegemee ivuke wiki ya mazoezi.

Chini ya pazia kuna vipande viwili vinavyokutana katikati na kufunga tumbo. Tuviite mabawa. Kila bawa likatwe sm 16 kwa upana na 21 kwa kimo, kitambaa kile kile nje na marekani ndani, na kona ya chini iliyo upande wa katikati izungushwe. Lishone kwenye ukingo wa mpasuo ulio upande wa ubavu, uso kwa uso, ukianza na nafasi ya sm 1 juu na kuipunguza hadi mm 3 unapofika mwisho wa mpasuo. Ligeuze liende ndani, upige pasi. Ukitandika, bawa linapaswa kulala chini ya pazia na kuvuka katikati ya mbele kwa sm 2.5. Lisipovuka, mkanda ukifungwa kutabaki uwazi, na shati jeupe litachungulia mwigizaji akikaa.

Ukingo wa mpasuo ulio upande wa pazia uzungushie utepe wa kitambaa wa sm 3 uliokatwa kwa kufuata uzi wa urefu. Usiukate kwa mshazari: mshazari huvutika, na baada ya mwezi pazia litakuwa refu kuliko tundu lake. Kisha shona katikati ya mbele kuunganisha vipande viwili, kutoka chini hadi juu kabisa ya pazia, kwani pazia ni moja, haliachwi wazi katikati. Juu ya pazia weka bitana ya upana wa sm 6 pamoja na ukanda wa marekani uliokunjwa mara mbili, la sivyo kona zitalala kama masikio ya mbuzi. Malizia mwisho wa kila mpasuo kwa mishono mitano au sita ya mkono iliyopandana, inayoshika pazia, bawa na kiraka kwa pamoja.

Kuunganisha

Cherehani haikuwepo karne ya 18. Nguo zote zilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Kwa jukwaa, mishono ya ndani ipige cherehani bila aibu, ila kila kinachoonekana nje, yaani matundu ya vifungo, kingo za pazia na mkanda wa goti, kimalizie kwa mkono. Tundu la cherehani lenye zigizaga hutambulika hata ukumbini nyuma.

Shona ndani ya kila mguu kwanza. Kisha ingiza mguu mmoja ndani ya mwingine, uso kwa uso, na ushone mkunjo wa katikati kwa mara moja, ukianzia penye mshono wa mbele ulioishia hadi nyuma, ukiacha sm 8 za juu wazi. Rudia mshono mara ya pili, mm 3 kando ya wa kwanza. Pale mishono minne inapokutana, weka ndani kiraka cha umbo la almasi cha marekani. Hapo ndipo jasho, msuguano na mwendo vyote vinapokutana, na uzi mwembamba wa kanga hauwezi kazi hiyo, tumia uzi wa jinzi.

Ubavu ushone kutoka juu hadi ubaki sm 12 kufika chini. Uwazi huo ndio wa vifungo vya goti. Ukingo wa mbele ulale juu ya wa nyuma, kwa hiyo matundu yawe mbele na vifungo nyuma.

Mkanda wa kiuno ni vipande viwili, kushoto na kulia, havikutani nyuma. Kila kimoja kikiisha kiwe na urefu wa sm 42.5: nusu ya kiuno, toa 2 za uwazi wa nyuma, ongeza 2.5 za kupandana mbele. Upana uanze 7 mbele na ufike 9 nyuma. Ndani weka marekani mbili au kitambaa kigumu kile cha kola. Kwenye mkanda wa kulia wengi waliweka kamfuko kadogo ka saa, mdomo sm 6, nacho ni pambo zuri kama mhusika ana saa yenye mnyororo.

Kusanya marinda ya nyuma kwa nyuzi mbili sambamba, na yasukume yote yakae ndani ya sm 10 za karibu na katikati ya nyuma. Ukiyatawanya hadi ubavuni, suruali itatuna nyongani kama sketi. Mbele, ule upande wa nje wa mpasuo una kama sm 1 ya ziada, ibane kwa vidole tu wakati wa kushona. Juu ya bawa nako kushonwe kwenye mkanda huo huo. Pazia liache huru.

Nyuma, ule uwazi wa sm 8 ujazwe na kabari, pembetatu yenye kitako cha sm 10 na kimo cha sm 10, ncha ikitazama chini. Kila mwisho wa mkanda toboa matundu mawili kwa msharasi, ukisukuma nyuzi pembeni bila kuzikata, na uyazungushie uzi. Usitumie vitundu vya chuma vya kiwandani, si vya zama hizo. Pitisha kamba nyembamba ya pamba, ufunge. Uwazi huu ndio unaokuokoa mwigizaji akinenepa au akibadilishwa, sm 4 au 5 bila kufumua uzi hata mmoja.

Magoti na vifungo

Mkanda wa goti ukate sm 8 kwa upana na 41 kwa urefu, ukikunjwa na kushonwa unabaki 3 kwa 39: sm 36 za mguu na 3 za kupandana. Ukitaka bizimu, ongeza sm 6 za ulimi. Bizimu za magoti zilikuwa pambo la kuvuliwa na kuhamishiwa suruali nyingine. Kwenye mitumba ya Karume utazipata kwenye viatu vya kike na mikoba iliyochakaa: tafuta za mstatili zenye kijiti katikati, uwazi wa ndani sm 3. Tahadhari ya mkanda ni moja, ukae chini ya pia ya goti. Ukikaa juu ya goti utapanda pajani kila hatua na soksi itashuka. Ukibana sana, mguu utakufa ganzi katika tendo la pili. Kidole kimoja kipite kwa shida, hicho ndicho kipimo.

Vifungo unahitaji vinane vya magotini, viwili vya mkanda wa kiuno na vitatu vya pazia, tuseme 15 pamoja na akiba, na viwili zaidi kama hutumii bizimu. Vya magotini milimita 15, vya kiunoni 20. Vya plastiki vyenye matundu manne vitakuumbua. Wao walivika kitambaa juu ya duara la mti au mfupa, na sisi tuna kifuu cha nazi: kiparuze kwa msasa kiwe bapa, kata duara, lainisha ukingo. Kata kitambaa cha duara chenye kipenyo maradufu ya kifungo, pitisha bandi ukingoni, weka kifuu katikati, vuta uzi, kisha shona huku na huku kwa nyuma hadi pawe pagumu. Unaposhona kifungo kwenye nguo, zungushia uzi shingoni mara nne ili kiinuke kidogo, kwani kikibanwa kwenye kitambaa hakitapita kwenye tundu nene la mkono.

Vifungo viwili vya kwanza viko kwenye mkanda wa kiuno katikati, kushoto kukilala juu ya kulia. Vile vitatu vya pazia hushonwa kwenye mkanda huo huo, kimoja kila kona na kimoja katikati. Mwoneshe mwigizaji mpangilio mapema: anafunga mkanda kwanza, pazia baadaye. Wapo wanaofunga pazia kwanza na kushangaa suruali inateremka.

Vitu vinavyoharibu sura yote

Zipu, lastiki, vitanzi vya mshipi, mfuko wa nyuma: hakuna. Mstari wa pasi mbele ya mguu, ule unaoweza kukata mchicha, haukuwepo, ulikuja mwishoni mwa karne ya 19. Piga pasi mishono tu. Soksi nyeupe ndefu za mpira wa miguu hufaa ukikata sehemu yenye mistari au nembo, au ukiikunja ndani ya mkanda wa goti. Zifunge kwa utepe chini ya goti kabla ya kufunga mkanda.

Mabaharia na wafanyakazi

Mchezo wenye meli hauhitaji mabaharia kumi waliovaa kama nahodha. Wao walivaa suruali pana, za kitani au turubai nyepesi, nyeupe au zenye milia, zilizoishia kama sm 8 hadi 10 juu ya kifundo cha mguu. Tumia mchoro ule ule hadi mstari wa kikao, kisha uushushe mguu wima bila kubana, pindo likiwa na mzunguko wa sm 50 hadi 60. Marinda ya nyuma yapunguze nusu, kwa kuwa hapa hakuna kinachoshika goti. Mbele weka vifungo vitatu vya katikati, pazia si lazima. Fundi mmoja aliyezoea anaweza kutoa tatu kwa siku. Suruali hizi ndefu zinawafaa pia wafanyakazi wa Paris wa miaka ya mapinduzi baada ya 1789, ambao jina lao la utani, sans-culottes, maana yake ni wasiovaa suruali za magotini.

Njia ya mkato ya mitumba

Kwa wahusika wanaopita mara moja, nunua suruali ya suti yenye sufu, kiuno kikubwa kuliko cha mwigizaji kwa sm 15. Ng'oa mkanda, vitanzi na zipu, ushone mbele kote. Kata miguu sm 4 chini ya goti. Vipande vya miguu vilivyobaki ndivyo vitakavyotoa pazia, mabawa, mkanda wa kiuno na wa magoti, rangi itafanana bila kutafuta. Kasoro yake ni kimo cha nyuma, suruali ya kisasa haina zile sm 9. Fumua mshono wa nyuma wa juu na uingize kabari ndefu, kitako sm 12 na kimo 18, kisha kusanya marinda kama kawaida. Chini ya koti hakuna atakayejua. Mhusika anayevua koti jukwaani, huyo mshonee mpya.

Baada ya onyesho

Unyevu wa Dar hauna huruma kwa nguo zilizofungiwa sandukuni. Suruali ikitoka jukwaani igeuze ndani nje, itundike kwenye upepo usiku mzima kabla ya kuikunja. Bizimu zivue kila mara na uzihifadhi kwenye chupa kavu, za chuma huacha doa la kutu kwenye kitambaa cheupe ambalo sabuni haitoi. Na kabla ya onyesho linalofuata, vuta kwa mkono kila kifungo cha pazia na uangalie mwisho wa mipasuo yote miwili, sindano yenye uzi wa nta ikiwa mkononi.